Kupangwa au Kufukuzwa: Namna Habari Zinavyotuchagulia Ukweli

Oktoba 2021 Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, ulibadilika ndani ya siku chache. Meza, miamvuli na vibanda vilivyofunika barabara hadi bajaji ikashindwa kupenya viliondolewa, na lami ambayo wengi tulikuwa tumeisahau ikaonekana. Siku zile nilikuwa nasikiliza taarifa za habari za redio tatu na kusoma magazeti mawili kila asubuhi. Karibu kote neno lilikuwa lile lile: wamachinga wanapangwa. Kijana aliyekuwa akiniuzia soksi na vesti kwenye kona ya mtaa huo alinipigia simu kuniaga. "Tumepangwa, kaka," akasema. "Nikipata pa kukaa nitakushtua." Alikuwa nyumbani kwake Mbagala, mzigo ameusukumia chini ya kitanda, hana eneo wala tarehe ya kupewa eneo.

Lile neno lilinikaa kichwani. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mipango ya maeneo ilikuwepo. Wenye maduka walikuwa wamelalamika kweli kwamba milango yao imezibwa, na waenda kwa miguu walikuwa wakipita katikati ya magari kwa sababu njia zao zimejaa bidhaa. Lakini tazama kazi ya kila neno. Ukisema "wameondolewa", anayekusikiliza atauliza: wameenda wapi? Ukisema "wamefukuzwa", atauliza: kwa kosa gani? Ukisema "wamepangwa", haulizi kitu. Vyombo vikipangwa kabatini, nani anauliza vimekwenda wapi? Swali limefungiwa ndani ya neno kabla halijazaliwa. Na neno lile halikuundwa kwa ajili ya kijana wa soksi, maana yeye aliyajua maumivu yake bila kuambiwa. Lilikuwa la sisi wengine, tuliopita na daladala tukachungulia dirishani na kusema jiji limependeza.

Watu wengi wakisikia propaganda wanafikiria uongo mkubwa, wa mchana kweupe. Neno lenyewe lina historia ya upole zaidi. Mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 aliunda idara ya Kanisa Katoliki ya kueneza imani, na katika jina lake la Kilatini ndimo lilimotoka neno hili. Maana yake ya mwanzo ni kueneza, kama mkulima anayechukua kipando hapa na kukipandikiza pale. Sisi Waswahili tuna neno kali zaidi, ambalo naona linaueleza mwisho wa kazi hiyo vizuri kuliko lile la kigeni: kasumba. Kasumba ni afyuni. Tulipoanza kusema "kasumba ya kikoloni" tulikuwa tumeshaelewa jambo ambalo vitabu vingi hulizungukazunguka: aliyelevywa na kasumba hajioni amelevywa. Anajiona ametulia na anaona vizuri.

Tunalevywa kwa urahisi kwa sababu sehemu ndogo sana ya dunia tunaijua kwa macho yetu. Mwandishi wa Kimarekani Walter Lippmann alilieleza hili mwaka 1922: mtu hutenda kwa kufuata picha ya ulimwengu aliyonayo kichwani, na picha hiyo sehemu kubwa amechorewa na wengine. Mimi sijawahi kufika kwenye Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Najua lina uwezo wa megawati 2,115 kwa sababu nimeambiwa. Sijawahi kukaa bungeni Dodoma, sijawahi kuona hazina ya nchi, na vita vinavyopiganwa ng'ambo navijua kupitia kioo cha simu. Mtaa wangu wa Tandika naujua mwenyewe. Huko kwingine kote ninaishi kwa mkopo wa macho ya watu.

Sasa macho hayo yanafanyaje kazi? Mwandishi wa habari wa kujitegemea jijini, asiye na mshahara wa mwezi, hulipwa kwa habari iliyotoka. Asubuhi anaitwa kwenye mkutano na waandishi. Anapewa kiti, maji, taarifa iliyochapwa tayari, na mara nyingi bahasha ya "nauli". Mchana anatakiwa awe amewasilisha. Taarifa ile imeandikwa na ofisa habari anayejua kuandika, ina aya ya kwanza inayofaa kuwa aya ya kwanza ya gazeti, na ndani yake limo neno "kupanga". Mwandishi angeweza kwenda Mtaa wa Kongo akatafuta neno lingine, lakini hiyo ni nauli nyingine na nusu siku nyingine, na habari ya pili haijaandikwa. Mhariri naye anajua kwamba matangazo ya taasisi za umma ni nguzo ya mapato ya gazeti. Hakuna anayempigia simu kumtisha, na hahitaji kupigiwa. Neno linasafiri kutoka mezani kwa ofisa hadi kinywani kwa kijana wa Mbagala, na kila mtu njiani amefanya kazi yake ya kawaida. Kwangu hili linatisha kuliko njama yoyote, kwa sababu njama ukiifichua inakwisha.

Halafu kuna suala la nini kipewe nafasi. Simama kwenye meza ya magazeti yoyote Dar es Salaam saa moja asubuhi, Posta, Mwenge au Buguruni. Watu 10 wamesimama, wameinamisha shingo, wanasoma kurasa za mbele zilizotandazwa au kubanwa kwa vibanio. Anayenunua ni mmoja. Wengine wanabeba vichwa vya habari na kuondoka navyo kazini, na ambao hawakupita mezani wamesomewa vichwa hivyo hivyo redioni ndani ya daladala. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya jiji, habari ya siku ni maneno manane kwa wino mwekundu. Wenye madaraka wanalijua hili. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, mali ya CCM yenyewe, lilifungiwa siku 14 kwa sababu ya kichwa cha habari kilichosema Rais Samia hana wazo la kuwania urais 2025.

Mwaka 1968 watafiti wawili, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa hawajaamua wampigie nani. Waliwauliza ni mambo gani makubwa yanayoikabili nchi, kisha wakalinganisha majibu na yale yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari vya huko. Orodha mbili zilifanana mno. Tangu hapo jambo hili limepimwa nchi nyingi. Vyombo vya habari si lazima vikwambie uwaze nini. Vinatosha kukupangia uwaze kuhusu nini. Wiki nzima ikiwa ni ya talaka ya msanii, hakuna aliyekukataza kuuliza habari za maji. Umezisahau tu.

Niingie kwenye mfano ninaoujali zaidi, kwa sababu ni wa kwetu na kwa sababu waliouendesha walikuwa watu ninaowaheshimu.

Tarehe 1 Novemba 1978 redio ya Uganda ilitangaza kwamba jeshi la Idi Amin limeiteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, na ikajigamba kwamba kazi hiyo imechukua dakika 25 tu. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, yanakaririwa hadi leo na watoto ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa. Uvamizi ulikuwa wa kweli. Watu waliuawa kweli, ng'ombe na mali vikaporwa kweli. Propaganda ya wakati ule haikuhitaji kubuni kitu. Ilihitaji kukipa kitu sura. Amin akawa "nduli". Mimi nilizaliwa baada ya vita, na nilikua nikidhani Nduli ni jina lake la kwanza, kabla sijajua kwamba maana yake ni muuaji katili. Neno moja likafanya kazi ya kikosi kizima: likaunganisha nchi, likapeleka vijana mstari wa mbele na kukusanya michango ya ng'ombe na nafaka kutoka vijijini. Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Baada ya vita wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikaisha, na mkanda haukufunguka. Wazee wa Dar es Salaam wanazikumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga kwenye maduka ya ushirika, na ugali wa unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Sababu zilikuwa nyingi na zimefungamana. Vita ilikula fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani ilipanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na nchi ikalazimika kujenga upya huduma ilizokuwa ikichangia na wenzake. Kulikuwa na ukame, shilingi ilikuwa imewekewa thamani isiyolingana na hali halisi, na mashirika ya umma yalikuwa yakiwalipa wakulima bei iliyowakatisha tamaa. Mweleze mtu aliyesimama foleni tangu saa 10 alfajiri mambo yote hayo. Atakusikiliza mpaka wapi?

Machi 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza msako mkubwa, na msako huo ulikuja na jina: wahujumu uchumi. Sheria maalumu ikapitishwa mwaka huo huo. Maduka na maghala yakapekuliwa, na watu wakaanza kutupa mali usiku kwa woga, hata mali waliyoipata kwa halali. Walanguzi walikuwepo, tena wengi, na baadhi walificha sukari huku watoto wakinywa uji mkavu. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki na nia ya Sokoine, kwa ninavyomsoma, ilikuwa safi. Lakini lile jina liligeuza matokeo yakawa chanzo. Ulanguzi huzaliwa na uhaba. Bidhaa ikijaa, mlanguzi hana biashara. Jina likasema uhaba umezaliwa na mlanguzi. Likampa kila mtu uso wa kuuchukia, tena uso wa karibu, wa mwenye duka wa mtaani, na likafunika maswali kuhusu bei za mazao, thamani ya shilingi na mashirika ya umma. Bajeti ya 1984/85 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, rafu za maduka zikaanza kujaa. Kama wahujumu ndio waliokuwa chanzo, zisingejaa kwa kalamu ya waziri wa fedha.

Linganisha na Julai 2021. Serikali ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, ikafika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na ikaipa jina zuri: tozo ya mshikamano. Viongozi waliitetea kwa lugha ya uzalendo, madarasa na vituo vya afya. Jina halikushika. Mitaani ikabaki "tozo", tena ikitamkwa kwa kuuma meno, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa nini neno zuri la 2021 lilishindwa na neno kali la 1983 likashinda? Kwa sababu kila aliyemtumia mama yake hela kijijini alisomewa na simu yake makato yote, shilingi kwa shilingi. Jambo lilikuwa kiganjani. Mwaka 1983 hakuna aliyeweza kuiona akiba ya fedha za kigeni wala mkataba wa mafuta. Neno hupata nguvu pale jicho lisipofika, na ndiyo maana mwenye kutaka kuongoza fikra zako hujali sana uone nini na usione nini.

Lingine linalolipa neno nguvu ni marudio. Mwaka 1977 wanasaikolojia Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwasomea wanafunzi wa Marekani sentensi za mambo ya kawaida, nyingine za kweli na nyingine si za kweli, katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kila kikao, hata zile za uongo. Ubongo hutumia wepesi wa kulielewa jambo kama kipimo cha ukweli wake, na jambo ulilokwisha kulisikia ni jepesi. Usidhani elimu inakukinga. Hata kukanusha kunaweza kusaidia kueneza, kwa sababu baada ya mwezi mtu anakumbuka uvumi na kusahau kwamba ulikanushwa.

Marudio hayo hayo yanaweza kufanya kazi njema. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa wingi usio wa kawaida. Ninachokipenda katika kampeni ile ni kwamba redio ilipozimwa, kikundi kilibaki kimekaa chini ya mti kikijadili na kubishana. Sehemu hiyo ya pili ndiyo propaganda huikwepa.

Na marudio yanaweza kuua. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda Julai 1993, ikawapata wasikilizaji kwa muziki mzuri, mizaha na lugha ya mtaani. Katikati ya burudani hiyo Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi. Mende hauawi, mende anasafishwa. Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio ile ile ilikuwa ikitaja majina na mahali watu walikojificha. Kesi ya wakuu wake ilisikilizwa hapa kwetu Arusha. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Nikisikia mtu kwenye siasa zetu anawaita wapinzani wake kwa jina la mdudu au ugonjwa, sicheki.

Kimya nacho kinasema. Mwaka 2020 Tanzania ilitangaza wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, kisha hesabu ikasimama. Zaidi ya mwaka mzima namba ikabaki 509, kana kwamba ugonjwa umegandishwa. Mwanzoni mwa 2021 jijini tulijifunza msemo mpya, "changamoto ya kupumua". Ulisikika kwenye tanzia, kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini na ya ukoo. Watu walijua wanachozika, lakini hawakuwa na neno la hadharani la kukiita. Pasipo na namba uvumi huweka zake, na kila mtu akawa na hesabu yake: ya makaburi, ya ving'ora vya usiku, ya shemeji anayefanya kazi hospitali. Tuliyaona tena Oktoba 2025. Intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, tarehe 29, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Ilipowashwa, kila upande ulikuwa na simulizi yake ya waliokufa, na mtu wa kawaida hakuwa na pa kuhakiki. Anayezima taa hawezi kulalamika kwamba watu wanaona mashetani.

Madhara yake yanachukua muda kujitokeza. Januari 2021 tuliambiwa na mkuu wa nchi kwamba chanjo za korona hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo, mkuu wa nchi mwingine akachanjwa mbele ya kamera na kutuhimiza tumfuate. Redio ilikuwa ile ile, na sauti ya mtangazaji ilikuwa na uhakika ule ule. Wapo walioamini la kwanza, wapo walioamini la pili, lakini nadhani kundi kubwa zaidi liliondoka na somo la tatu: hakuna wa kuaminiwa, kwa hiyo nitamwamini aliye karibu nami. Na aliye karibu ni nani? Ni yeyote aliyenitumia sauti kwenye simu.

Aprili 2024, wakati wa kampeni ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mama yangu mkubwa alituma sauti ya dakika tatu kwenye kundi la ukoo. Mwanamke aliyejiita nesi alikuwa akionya kwamba chanjo ile inakata uzazi, wazazi wawafiche watoto wao. Kelele za wodini zilisikika nyuma. Juu ya ujumbe kulikuwa na mishale miwili, alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inazuia ujumbe wa aina hiyo kutumwa kwenye zaidi ya kundi moja kwa wakati, lakini mama mkubwa ana subira. Alikuwa ameutuma kundi baada ya kundi. Binamu zangu wawili wenye mabinti wa darasa la tano na la sita wakajibu "asante mama".

Nilianza kuandika aya ndefu ya kumsahihisha, nikaifuta. Mama mkubwa amelea watoto saba na hawezi kusahihishwa na mtoto wa mdogo wake mbele ya ukoo mzima. Zaidi ya hapo alikuwa na hoja: waliosema chanjo hazifai ni haohao wanaosema zinafaa. Nikamwandikia pembeni.

"Shikamoo mama mkubwa. Samahani, huyu nesi anaitwa nani, na yuko hospitali gani? Nataka nimpigie nimuulize vizuri, nina mtoto wa kike na mimi."

"Marahaba mwanangu. Sijui jina. Nimetumiwa na mama wa kikoba."

"Naomba umuulize yeye alitumiwa na nani."

Jioni akanijibu kwa sauti, kwa utulivu wake wa siku zote. Alikuwa amemuuliza mama wa kikoba. Mama wa kikoba alikuwa amemuuliza dada yake wa Morogoro. Dada wa Morogoro alikuwa bado anamsubiri aliyemtumia.